Bata asiye na jeraha aliuawa na nini?

NILISIMAMA Kitswamba kununua vitunguu, kando ya barabara itokayo Kasese kwenda Fort Portal, ndipo kijana mmoja akaninyooshea bata mwitu watatu waliofungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Walikuwa bado na joto. Uso mweupe, kisogo cheusi, kifua cha hudhurungi. Ni wale bata wanaopita usiku juu ya nyumba wakipiga mbinja.

"Mzee, chukua wote nikupunguzie," alisema.

Niliwageuza mmoja mmoja. Sikuona tundu la risasi wala alama ya jiwe. Manyoya ya shingo hayakuwa yamenyonyoka kama ilivyo kwa ndege aliyenaswa na kitanzi. Nikamuuliza waliuawaje. Akacheka, akatazama upande wa mashamba, akasema walitegwa. Walitegwa kwa kitu gani? Hapo akageuka kumwita mteja mwingine.

Sikununua. Sina ushahidi wa kumshitaki kijana yule kwa lolote na sitamsingizia. Inawezekana alitumia wavu, na wavu hauachi jeraha. Lakini nimeamua kuandika juu ya swali lile kwa sababu najua lilivyojibiwa mahali pengine, kwenye mashamba yanayofanana sana na haya, karibu na mpaka unaofanana sana na wa Mpondwe.

Wanaorejea nyumbani baada ya miaka mingi huniuliza bata hawa wametoka wapi, kwani wanasema hawakuwa wengi hivi. Hawakutoka mbali. Upande wa mashariki yetu liko Ziwa George, ambalo pamoja na vinamasi vyake liliandikwa mwaka 1988 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Uganda chini ya Mkataba wa Ramsar. Mito inayoshuka Rwenzori, ukiwamo Mubuku, huishia huko. Katikati ya mlima na ziwa tumeweka mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, yanayopata maji kutoka mito ya Mubuku na Sebwe. Palipokuwa na nyasi kavu pana matuta, mifereji na maji. Bata hajui mpaka wa hifadhi. Mchana hupumzika majini, jioni huruka kwenda kula, na kama shamba lako lina maji ya kina kifupi na punje chini yake, umemwandalia meza.

Kati ya Oktoba na Machi huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, wanaokimbia baridi. Kwa hiyo ndege anayechinjwa kando ya mfereji wetu huenda Juni alikuwa akilea vifaranga Urusi.

Sasa tuzungumzie mtego wenyewe. Bata ni ndege wa kundi. Akiwa angani na njaa, hatafuti chakula kwanza, hutafuta bata wenzake wanaokula. Akiwaona wametulia chini, anaamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba chakula kipo na adui hayupo. Mwindaji anayejua hilo huweka bata wa chambo, ama wa bandia aliyechongwa kwa mti au kusokotwa kwa matete, ama bata hai aliyefungwa mguu. Huacha uwazi katikati ya chambo, upande ambao ndege watatua wakielekea upepo, kwa kuwa bata hutua akiukabili upepo kama ndege ya abiria. Kisha hujificha na kungoja.

Ufundi huu ni wa kale sana. Mwaka 1924 katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada nchini Marekani, walipatikana bata wa bandia waliosokotwa kwa matete, na umri wao ulikadiriwa kuwa kama miaka 2,000. Hata kwetu wazee hawakuhitaji kufundishwa na mzungu kwamba ndege mmoja aliyefungwa huita wenzake. Yeyote aliyetega kwale utotoni anajua.

Lakini Wamarekani hao hao mwaka 1935 walipiga marufuku kutumia bata hai kama chambo, na wakapiga marufuku kumwaga nafaka ili kuwavuta ndege wa maji mbele ya bunduki. Hawakufanya hivyo kwa kuchoka kula bata. Waliona kwamba chambo hai pamoja na chakula humfanya mtu mmoja aue wengi mno kwa asubuhi moja, na bata walikuwa wakipungua nchi nzima. Bunduki iliruhusiwa iendelee na bata wa mti akaruhusiwa aendelee. Walichokizuia ni ule urahisi.

Ukitaka kujua urahisi huo unafika wapi, nenda Bunyala. Ni mashamba ya mpunga nchini Kenya, kaunti ya Busia, yanayomwagiliwa na Mto Nzoia karibu na Ziwa Victoria. Wafanyabiashara wengi wa Uganda wamepita karibu yake bila kujua. Kuanzia mwaka 2009 mtafiti wa ndege Martin Odino alikaa kule akiandika alichokiona, na taarifa zake zikatolewa na shirika la WildlifeDirect la Nairobi na baadaye kuwa sura katika kitabu cha kimataifa kuhusu sumu hiyo.

Alichokiona ni hiki. Wategaji walichukua korongo hai, yule mwenye mdomo usiofungana katikati, wakamzuia asiweze kuruka, wakamsimamisha shambani. Konokono walitiwa dawa ya kilimo na kutawanywa kumzunguka. Korongo wengine waliokuwa wakipita juu walimwona mwenzao ametulia, wakashuka, wakala, na baada ya dakika chache wakaanza kuyumba. Bata nao walitegewa punje za mpunga zilizochovywa dawa ile ile. Njiwa kadhalika. Hata wale ndege wembamba wa pwani za matope wanaotoka Ulaya walikufa. Hapakuwa na mlio wa bunduki wala mtu wa kujificha kwenye matete kwa saa tatu. Mwindaji alikuja na gunia, akaokota.

Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Marufuku hiyo haikumzuia mtu Bunyala kuokota gunia lake.

Ndege wale hawakuuawa kwa sababu ya hasira ya mkulima peke yake. Waliuzwa, wakaliwa kwenye nyumba na vibanda, kwa bei ambayo maskini angeimudu kuliko kuku. Wauzaji waliwaambia wateja kwamba ukimtoa matumbo haraka na kumchoma vizuri, sumu imekwisha. Imani hiyo nimeisikia pia huku kwetu, ikisemwa juu ya samaki.

Dawa iliyotajwa Bunyala ni kabofurani, iliyojulikana sana kwa jina la kibiashara la Furadan. Si ngeni kwa mkulima wa Kasese mwenye umri wangu. Ni chembechembe zinazochanganywa na udongo kuua wadudu na minyoo ya mizizi kwenye migomba, mahindi na vitalu vya kahawa. Ilitengenezwa ifyonzwe na mmea kutoka kwenye mizizi, ndiyo maana ina nguvu. Chembe moja yatosha kumuua ndege mdogo. Mwilini huzuia kile kimeng'enya kinachoituliza mishipa ya fahamu baada ya kazi, basi misuli haipumziki, mate na machozi humwagika, na mwishoni pumzi hukatika.

Kumtoa ndege matumbo kunaondoa punje ambazo hazijasagwa. Iliyokwisha kuingia kwenye damu na nyama haitoki pamoja na utumbo. Kwa nini basi watu wengi wa Bunyala walikula wasife? Kwa sababu kiasi kinachomuua bata ni kidogo kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu si mtu mzima, na mtu anayekula mara tatu kwa wiki si sawa na anayeonja sikukuu.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoingia. Machi 2009 kipindi cha "60 Minutes" cha televisheni ya CBS kilionyesha Marekani jinsi simba wa Kenya walivyouawa kwa Furadan. Kampuni iliyoitengeneza, FMC, ikatangaza kuirudisha kutoka madukani Kenya kwa kuinunua upya. Mwaka huo huo Marekani iliondoa ruhusa ya kabofurani kubaki kwa kiasi chochote kwenye chakula, na Ulaya ilikuwa imekwisha kuikataa tangu 2007. Mwaka 2017 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam ziliiweka katika orodha ya kemikali ambazo nchi inayopelekewa lazima ielezwe na iamue kwanza kama inazitaka.

Hata hivyo Bunyala ndege waliendelea kufa baada ya 2009. Kampuni iliondoa mifuko yenye nembo yake kwenye rafu. Haikuondoa kilichokuwa kimeshafunguliwa na kupimwa kwa kijiko ndani ya karatasi isiyo na jina, na haikuondoa mpaka. Busia ipo pale pale. Wewe unayevuka daraja la Lhubiriha siku ya soko, na vitenge kichwani au kahawa kwenye baiskeli, huhitaji mwandishi akueleze jinsi kitu chepesi, kidogo na chenye bei kinavyovuka. Nchi moja ikikataza, pakiti huhamia upande wa pili na kurudi usiku. Mkataba wa Rotterdam unazungumza na meli na kontena. Kile kifuko mfukoni mwa kijana wa boda boda hakijui habari zake.

Na tusidhani hii ni habari ya Wakenya. Aprili 2018, Hamukungu, humu humu wilayani Kasese ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikutwa wamekufa, 8 kati yao wakiwa watoto, na sumu ndiyo iliyoshukiwa. Watalii waliokuwa wakija kuwaona simba hao walikuwa wakilala Kasese na kula Kasese. Mkono unaoweza kuweka sumu kwenye mzoga wa ng'ombe unaweza kuiweka kwenye punje za mpunga. Dawa ni zile zile, na duka pengine ni lile lile.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa biashara hawapaswi kulisahau. Januari 2017 ndege wa porini walianza kuonekana wamekufa Lutembe, ghuba ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Vipimo vikaonyesha homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda mara moja. Waliokuwa na mayai njiani wanajua walichopoteza. Mwaka huo huo ugonjwa ukaonekana Ituri, upande wa Kongo. Sasa fikiria soko ambalo bata mwitu waliokufa bila jeraha ni kitu cha kawaida. Siku ugonjwa ukirudi, nani atashtuka? Daktari wa mifugo hutegemea macho ya watu: ndege wengi waliokufa mahali pamoja ni kengele. Tukizoea kuwaokota na kuwauza, tumeinyamazisha kengele yetu wenyewe. Bwera, iliyopokea Ebola kutoka ng'ambo Juni 2019 na kunawa mikono miezi mingi pale Mpondwe, ingepaswa kuwa mji wa mwisho Uganda kupuuza jambo hili.

Naomba sasa niseme na waliorejea. Kuna walioondoka milimani wakati wa vita vya waasi wa ADF vilivyoanza 1996. Kuna familia za wafugaji Wasongora zilizofukuzwa hifadhi ya Virunga mwaka 2006 zikarudi upande huu. Kuna vijana waliokwenda Butembo kutafuta maisha wakarudi na wake na watoto. Mmoja wao alinisimamisha njiani akaniambia: "Mzee wangu, babu alitega ndege hapa hapa na hakuna aliyemwuliza. Mimi nikitega naitwa jangili?"

Jibu la sheria ni fupi. Uganda Wildlife Act ya mwaka 1996, na ile ya 2019 iliyochukua nafasi yake, zinasema mnyama wa porini yuko mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuwinda anaomba haki ya matumizi kutoka Mamlaka ya Wanyamapori, na uwindaji ni aina A ya haki hizo. Kumkuta bata kwenye shamba lako hakumfanyi awe wako. Orodha ya wanyama waharibifu inayojulikana ni nyani, tumbili na nguruwe pori, bata hayumo. Na ule mpango wa fidia ulioletwa na sheria ya 2019 uliwafikiria tembo, mamba na wenzao.

Kwa hiyo mtazame mkulima wa ekari moja ya mpunga. Bata wakimshukia usiku wiki ya kupanda, hana fidia, na kibali cha uwindaji kimewekwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi na wakili. Aliyebaki kumsikiliza ni muuza dawa. Hili kwa mtazamo wangu ni kosa la Serikali, si la mkulima. Ukimfungia mtu kila mlango wa halali, usishangae ameingilia dirishani. Binafsi ningeona afadhali wilaya iwape vikundi vya wakulima ruhusa ya kutega kwa wavu au kitanzi, kwa msimu na kwa idadi, kila ndege aandikwe na mwenyekiti wa kijiji, kuliko hali hii ambapo kila kitu kimekatazwa na sumu ndiyo mbinu isiyosikika. Najua wahifadhi wengi hawatanipenda kwa kusema hivyo.

Wakati tukingoja, kuna mambo ambayo hayangoji Bunge. Hasara kubwa ya bata ni kwenye mbegu iliyorushwa juu ya maji na miche michanga. Anayeotesha kwenye kitalu kidogo kinachoweza kulindwa, kisha akahamisha miche ikiwa imeshika mizizi, anampunguzia bata chakula. Anayetoa maji shambani siku chache baada ya kurusha mbegu anafanya hivyo hivyo, maana bata hapendi kutua pakavu. Kamba zenye vipande vya mifuko, kelele, taa na mbwa vinasaidia, lakini vihamishwe kila siku, kwa kuwa bata huzoea haraka kuliko tunavyodhani.

Na korongo aachwe kabisa. Chakula chake ni konokono. Mwaka 2020 huko Mwea, shamba kubwa la mpunga la Kenya, aligunduliwa konokono mvamizi mwenye asili ya Amerika Kusini anayekata miche ya mpunga mchanga usiku. Wakulima wa Mwea wamekuwa wakiwaokota kwa mikono. Mtu anayemtegea korongo sumu ndani ya konokono anamuua kibarua asiyedai mshahara.

Lakini nguvu kubwa, narudia, iko kwa wanunuzi. Askari wa wanyamapori hawezi kukaa kwenye kila tuta la Mubuku. Ndege huuawa kwa wingi kwa sababu kuna anayenunua kwa wingi, na mnunuzi huyo ana macho. Mama anayeuza samaki wa Katwe pale Lhubiriha hanunui samaki bila kufunua shavu. Bata naye ana pa kufunua. Apuliziwe manyoya ya kifua na shingo ili ngozi ionekane. Mdomo utazamwe kama una ute mwingi. Makucha yatazamwe, maana ndege aliyekufa kwa sumu ya namna hii mara nyingi huwa ameyakunja kwa nguvu. Gunia lenye ndege wa aina tatu au nne pamoja, bata, njiwa na korongo, wote bila jeraha, liachwe hapo lilipo. Kwenye duka la dawa za kilimo, chochote kinachopimwa kwa kijiko bila karatasi ya jina kisinunuliwe hata kama ni cha migomba kweli.

Mizoga isitupwe mferejini wala kupewa mbwa. Izikwe, na aliyeishika anawe kwa sabuni. Ikiwa ni mingi, aitwe daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kuzika.

Na kama mtu amekwisha kula kisha akaanza kutokwa mate na jasho, macho yakamwagika machozi, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano, akaharisha na misuli ikamtetemeka, hiyo si malaria na maziwa hayataitibu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Sindano ya atropini ipo kwa ajili hiyo, ikiwahi. Waambieni alikula ndege. Na kama pakiti ya dawa iliyotumika inapatikana, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kupelekwa pamoja na mgonjwa, kwa sababu daktari atataka kusoma jina.